Milimita 6 au milimita 15: uanze na askari wa kipimo gani?

Mezani kwangu, hapa Katuba, Lubumbashi, kuna vyombo viwili vya vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani. Kimoja ni kopo la biskuti, lile la bati la duara, na ndani yake, juu ya tabaka mbili za sponji, limelala jeshi zima la sayari ya kubuni: askari 200, vifaru 18 na mashine mbili kubwa zinazotembea kwa miguu. Cha pili ni boksi la viatu lenye askari 32 na magari manne, na halina nafasi tena. Jeshi la kopo ni la kipimo cha milimita 6, la boksi ni la milimita 15. Yote mawili nimeyapaka rangi kwa mkono wangu, na kila kijana anayepita hapa akayaona huniuliza swali lile lile: mimi nianze na lipi?

Najibu kwa urefu kwa sababu kwetu Lubumbashi kuchagua vibaya kunauma zaidi kuliko kwa mtu anayeishi Nottingham au Madrid. Yeye akikosea, Jumamosi anarudi dukani. Sisi tunamsubiri ndugu anayetoka Johannesburg, au rafiki wa rafiki anayevuka Kasumbalesa na begi ambalo tayari limejaa vitu vya watu wengine. Kitakachofika ndicho utakachokaa nacho mwaka mzima.

Namba hizo zinataja urefu wa mtu, takriban kutoka unyayo hadi macho. Askari wa milimita 6 ni mtu aliyepunguzwa mara 285 hadi 300. Wa milimita 15 amepunguzwa kama mara 100. Michezo ya vita ya mezani ya sayansi ya kubuni imejigawa humo. BattleTech, iliyotoka Marekani mwaka 1984, hutumia mashine za 1:285. Games Workshop ya Uingereza ilitoa Adeptus Titanicus mwaka 1988 na Space Marine mwaka 1989, zote za milimita 6, na mwaka 2023 ikarudi upande huo kwa Legions Imperialis, ambayo watu wake wamenenepa kidogo hadi kama milimita 8. Ground Zero Games, ya Uingereza pia, iliandika kanuni za Dirtside II mwaka 1993 kwa ajili ya vita vya vifaru vya milimita 6, na inauza askari wa milimita 15 vilevile. Kanuni hizi nyingi hazikufungi: ukiwa na askari wa kampuni moja unaweza kucheza kwa kanuni za nyingine, mradi wewe na mwenzako mmekubaliana.

Sasa fanya hesabu moja, ile iliyonibadilisha namna ya kupaka. Ukikaa mezani, kijisanamu kiko kama sentimita 60 kutoka usoni pako. Zidisha kwa 300: unamtazama mtu aliye mita 180 kutoka ulipo. Zidisha kwa 100: yule wa milimita 15 yuko mita 60. Usiniamini kwa maneno. Asubuhi moja nilisimama mwisho wa barabara yetu, nikahesabu hatua, nikatazama wapita njia. Mtu wa mita 60 nilimwona ana mistari kwenye shati, ana mkanda, amebeba mfuko mkono wa kushoto. Macho yake sikuyaona, ila niliona kivuli chini ya kofia, nikajua uso uko pale. Mtu wa mita 180 alikuwa shati la njano juu ya suruali nyeusi, linatembea. Mama mmoja alikuwa na beseni kichwani: beseni lilikuwa doa moja jeupe lililong'aa kwa jua, na kwa doa hilo tu nilijua ni mama, ni beseni, na anakwenda sokoni.

Askari wa milimita 6 anapakwa hivyohivyo alivyoonekana mama yule. Wa milimita 15 anapakwa kama yule mwenye mfuko. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Wengi hunishika bega na kusema, "Yaya (kwetu ni ndugu mkubwa), hivi vidogo si ndivyo vigumu?" Hapana, ni rahisi kuliko vile vikubwa, na nitakuonyesha kazi yenyewe. Nawabandika askari kumi kwenye kijiti bapa kwa matone ya gundi ya mbao. Nawapuliza rangi ya msingi nyeusi. Ikikauka, nachukua brashi kuukuu, naichovya kwenye kijivu chenye ukijani, naifuta kwenye karatasi mpaka inaacha unga tu, kisha naipitisha juu yao kutoka kichwani kwenda miguuni. Rangi inashika penye vilele, yaani kofia, mabega na magoti, na mabonde yanabaki meusi. Sare imekwisha. Halafu doa moja la ngozi usoni. Mstari mmoja wa chuma juu ya bunduki. Doa moja la rangi kali begani, mimi hutumia machungwa, ili ukiwatazama kutoka juu ujue kikosi hiki ni cha nani. Baada ya ile brashi kavu ni miguso mitatu kwa kila mtu, basi. Kwa jioni mbili nawamaliza askari 40.

Ugumu wake uko kwenye kujizuia. Ukianza kupaka mkanda, na buti, na kifuko cha maji, kila rangi inakula mwenzake na mwishoni askari anaonekana kama tope. Na rangi lazima iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Kikosi changu cha kwanza cha vifaru nilikipaka kijani cha msitu, kizuri sana mkononi, chini ya taa. Nilipokiweka mezani na kurudi nyuma hatua moja, nikaona mende kumi weusi. Kitu kidogo hurudisha mwanga kidogo, na jicho hukisoma kuwa cheusi kuliko kilivyo. Nilivipaka upya, kijani kilekile nikikitia rangi ya maziwa sehemu moja kwa kila sehemu mbili, na makali ya bamba zake nikayapitishia mstari mwembamba karibu mweupe. Mkononi vinaonekana vimepauka, lakini vikiwa mezani vinakuwa vifaru kwelikweli.

Milimita 15 ni kazi nyingine. Hapa brashi kavu peke yake haitoshi, maana nguo ina mikunjo inayoonekana na jicho linaitafuta. Naanza na rangi ya kila kitu mahali pake: koti, suruali, buti, begi, bunduki. Kisha namwaga juu yake rangi ya majimaji ya kahawia, ikazame kwenye mikunjo. Ikikauka narudi na rangi ya kwanza kwenye sehemu zilizoinuka, halafu rangi hiyohiyo nikiwa nimeiongezea weupe, kwenye ncha tu. Ukiteleza, kosa linaonekana. Askari wanane hunichukua jioni tatu. Lakini wakimalizika, wanane hao wanatofautiana: huyu amechoka, huyu ameinamisha kichwa, huyu ni mkubwa wao na koti lake ni la zamani kuliko ya wengine. Kwenye milimita 6 unapaka kikosi, kwenye milimita 15 bado unaweza kumpaka mtu.

Macho usiyapake, hata kwenye 15. Mstari mmoja wa kahawia iliyoiva kwenye tundu la macho unatosha. Ukiweka weupe na mboni, askari wako atakuwa na uso wa mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Nikae kidogo kwenye ngozi, kwa sababu miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wanaopaka nyuso nyeupe, na mimi nataka wanajeshi wa sayari zangu wafanane na watu wa Katuba na Kamalondo. Kwenye milimita 6 uso mweusi chini ya kofia nyeusi unapotea kabisa: unabaki na kofia inayotembea. Dawa yake ina sehemu mbili. Kofia ipake rangi nyepesi, kijivu au mchanga, na uso uupake kahawia yenye joto, kahawia iliyochanganywa na machungwa na chembe ya njano, nyepesi kuliko ngozi ilivyo kweli. Kwa mita 180 inasomeka sawasawa. Kwenye 15 anza na kahawia nzito karibu nyeusi, weka kahawia nyekundu kwenye paji, pua na mashavu, malizia na kahawia ya machungwa kwenye ncha ya pua na juu ya shavu. Usiing'arishe kwa nyeupe. Nyeupe ndani ya kahawia inaleta majivu, na uso unapauka kama wa mtu aliyetoka kuoga asipake mafuta.

Kwa habari ya madoa na mistari, mji huu una walimu wake. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya uchoraji hapa, mji ukiitwa Élisabethville, na humo wakafanya kazi Bela, Mwenze Kibwanga na Pili Pili Mulongoy. Bela alipaka kwa ncha za vidole, doa baada ya doa. Mwenze alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala pamoja. Pili Pili aliwazungushia samaki na ndege wake alama ndogondogo mpaka mahali patupu pakajaa. Ukipata nafasi ya kuona mchoro wa Mwenze, ukaribie, utaona mistari. Rudi nyuma hatua tano, mistari inageuka mgongo wa mnyama. Niliwahi kupoteza wiki nzima nikijaribu kufifisha rangi moja ndani ya nyingine kwenye ubavu wa mashine ya milimita 6, mpaka nikaacha na kuchora mistari mifupi iliyosimama, mizito chini, ikipungua kwenda juu. Kwa umbali wa meza, chuma kilionekana kimejipinda. Mbinu hiyo kwenye milimita 15 itumie kwa nguo nzito tu, kama makoti na maturubai, kwani kwenye uso au kwenye bamba laini la gari mistari itabaki kuwa mistari.

Rangi ya msingi: kwa milimita 6 nachagua nyeusi, bila kusita, kwa sababu mabonde nisiyoyafikia yanakuwa vivuli vyenyewe. Kwa milimita 15 napuliza nyeusi pande zote, kisha nyeupe kutoka juu tu, kama jua la saa sita, na ile nyeupe inanionyesha mwanga unapaswa kuangukia wapi. Wengine huweka nyeupe tupu na kutumia rangi za aina ya Contrast ambazo Citadel, chapa ya rangi ya Games Workshop, ilizitoa mwaka 2019. Hizo hupakwa mara moja, zikajikusanya zenyewe kwenye mabonde na kuacha vilele vyepesi. Kwenye 15 zinaokoa jioni nzima. Kwenye 6 kijisanamu kinatoka cheusi mno, isipokuwa uziongezee midiamu, yaani kimiminika cha kuzimua rangi. Ukitengeneza rangi ya majimaji mwenyewe, tumia midiamu ya akriliki pamoja na maji. Maji peke yake yanaiachanisha rangi, na ikikauka inaacha duara kama la chai kwenye kitambaa cha meza.

Kopo la kupuliza tunalipata kwa wauza rangi za magari, na kwa vijisanamu vya metali linafaa. Kwa plastiki jaribu kwanza kwenye ile fremu ambayo vipande hukatwa kutoka kwake, maana dawa ya baadhi ya rangi hizo inailainisha plastiki mpaka sura inafutika. Tangu Mei mpaka Septemba hewa yetu ni kavu, basi karibia, sentimita 20 hivi. Ukipulizia mbali, rangi inakauka hewani na kutua kama msasa. Mvua zikianza, pulizia siku yenye jua kali, la sivyo rangi inatoka na ukungu. Kabla ya hayo yote osha metali kwa maji ya sabuni, kwa sababu ina mafuta ya kalibu, na ukiisugua kwa tupa, nawa mikono kabla ya kula. Metali ya vijisanamu vya zamani imechanganywa na risasi, ile metali yenye sumu.

Kwenye vifaa vipimo hivi viwili havitofautiani sana, na hapa ndipo wauzaji huwachanganya watu. Huhitaji brashi yenye nywele tatu kwa ajili ya milimita 6. Brashi hiyo haibebi rangi ya kutosha, na wakati wa kiangazi inakauka kabla haijaufikia uso wa askari. Nunua namba 1 yenye ncha nzuri, itumie kwa vyote viwili, na itunze: usiiache imesimama ndani ya kikombe cha maji. Kwa madoa ya milimita 6 kijiti cha meno kilichochongwa kinafanya kazi kama brashi. Paleti yenye unyevu itengeneze mwenyewe: kopo bapa la plastiki lenye kifuniko, karatasi za chooni zilizoloweshwa chini, karatasi ya kuokea juu. Rangi itakaa siku mbili bila kukauka, hata mwezi wa nane. Na kwa sababu umeme unakatika, mimi kazi ya nyuso naifanya dirishani kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, Jumapili kabla ya kanisa au Jumamosi. Brashi kavu na vitako, yaani vibao wanavyosimamia askari, naviachia usiku na taa ya kuchaji. Mtu wa milimita 6 ana bahati hapo, kwa kuwa kazi yake nyingi ni ya aina hii ya pili.

Sasa gharama. Sitataja bei, zinabadilika na begi na msimu, lakini hesabu ya maumbo haibadiliki. Kutoka 1:300 hadi 1:100 urefu unaongezeka mara 3, eneo la kupaka mara 9, uzito wa metali mara 27. Wachongaji huwanenepesha wale wadogo ili wasivunjike, kwa hiyo tofauti halisi hupungua, lakini bado jeshi zima la milimita 6 huingia mfuko wa koti la msafiri, na chupa moja ya rangi ya mililita 17 sijawahi kuiona ikiisha juu yake.

Printa ya 3D inabadilisha hesabu hiyo kwa wachache walio nayo. Mkono wa mtu wenye unene wa sentimita 12 ukigawanywa kwa 300 unabaki milimita 0.4, na huo ndio upana wa mdomo wa printa nyingi za uzi wa plastiki. Kwa hiyo printa ya uzi itakupa vifaru na majengo ya milimita 6, askari haitawaweza. Printa ya rezini, ile inayogandisha kimiminika kwa mwanga, inawaweza, ila bunduki zao zinavunjika kwa kuguswa tu, rezini mbichi inataka glavu na chumba kinachopitisha hewa, na umeme ukikatika saa ya nne ya kazi unaanza upya. Kwa milimita 15 rezini ni nzuri sana.

Nimekuja kwenye sehemu niipendayo kuliko zote, ardhi. Udongo mwekundu wa Lubumbashi ni zawadi kwa mtu anayetaka sayari isiyo Dunia. Nauchota bustanini, naukaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka wadudu wote wafe, naupitisha kwenye chujio la chai, na kilichopita nakipitisha tena kwenye kitambaa cha soksi ndefu za kina mama. Ule wa chujio ni wa vitako vya milimita 15. Ule wa kitambaa, laini kama unga wa muhogo, ni wa milimita 6, kwa sababu punje ya mchanga ya milimita 1 mbele ya askari wa 6 ni jiwe linalokaribia magoti yake. Gundi ya mbao iliyoongezewa maji, udongo juu, ukikauka unapitishia brashi kavu ya machungwa hafifu. Usiuchote karibu na kiwanda wala kwenye taka za migodi, hata kama rangi zake za kijani zinavutia: udongo huo una metali nzito, na vumbi lake utalivuta wewe na watoto walioko nyumbani.

Kitako cha milimita 6 kinabeba askari watano kwa pamoja, kwa hiyo ndicho mchoro wenyewe. Wapange mmoja mbele, wawili nyuma ya jiwe, acha nafasi, na tayari kuna tukio. Kwenye milimita 15 kila mtu ana kitako chake na ardhi ni zulia tu.

Na mandhari ndiyo iliyoniamulia mimi. Bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, lile linaloonekana karibu kutoka kila pembe ya mji pamoja na mlima mweusi wa slagi, mabaki ya kuyeyusha madini, pembeni yake, lina urefu wa karibu mita 150. Nililitaka mezani. Kwa 1:300 ni sentimita 50: nilizungusha kadibodi, nikaipaka kijivu, nikaitia masizi juu, na leo vifaru vyangu vinapigana chini yake. Kwa 1:100 lingekuwa mita moja na nusu, refu kuliko mpwa wangu. Kichuguu cha mita 5, kama vile unavyoviona ukitoka mjini kuelekea Kipushi, kwa 1:300 ni milimita 17 na kifaru kinajificha nyuma yake. Kwa 1:100 ni sentimita 5, na askari anaweza kukipanda, kulala juu yake, kupiga. Hapo milimita 15 inashinda kwa uzuri. Lakini mji, mgodi, bonde, kiwanja cha vyombo vya angani, hivyo ni vya milimita 6, kwenye meza ileile mnayolia bukari, yaani ugali.

Kuna milimita 10 katikati, kipimo kilichochaguliwa na Dropzone Commander mwaka 2012. Magari yake ni mazuri kupaka, lakini askari wake wanataka uvumilivu wa 15 na wanakulipa sura ya 6. Kwa mwanzo iache.

Kwa hiyo, kwa mtu anayeanza hapa, nasema milimita 6. Pakiti moja ya askari, moja ya vifaru, brashi namba 1, rangi saba: nyeusi, rangi ya maziwa, kijivu-kijani, kahawia, machungwa, chuma, na njano. Ndani ya mwezi una kikosi kamili kilichopakwa, na mtu aliyemaliza kikosi huendelea. Aliyeishia kwenye askari wanne wa kwanza, hata wawe wazuri kiasi gani, mara nyingi huwarudisha kwenye boksi. Mwenye macho yaliyochoka asiogope, miwani ya kusomea inatosha, maana miguso ni mitatu.

Namtoa mtu mmoja tu kwenye ushauri huu, na namjua kwa sababu ni mdogo wangu. Nilimpa askari kumi wa milimita 6 kwenye kijiti. Akawatazama kwa muda, akauliza, "Yaya, mkubwa wao ni yupi?" Nikamwonyesha. Akainua kijiti mpaka puani. "Anaitwa nani?" Nilikichukua kijiti, nikafungua boksi la viatu, nikamtolea askari mmoja wa milimita 15 ambaye sijampaka, mwanamke mwenye koti refu na kofia mkononi. Ana wiki tatu sasa juu ya koti hilo. Amelipaka bluu, akalifuta, akalipaka bluu tena, na jana jioni aliniomba kahawia nyekundu kwa ajili ya mashavu.